Jibu kwa Jina la Mama

Ofisi ya Ustawi wa Jamii,
Kigoma.
9 Desemba 1996

Bi Stephania, mjane wa marehemu Faustini,
Katonga.

YAH: ANATOLI, ALIYEKUWA MSHONA NYAVU, KATONGA

Salaam. Mimi naitwa Mudathir Selemani, afisa ustawi wa jamii. Nakuandikia juu ya jambo zito, na naomba radhi kwa kulileta kwa karatasi badala ya kuja kwa miguu yangu. Tangu Oktoba ofisi yetu nzima iko ufukweni ikiandikisha watu wanaovuka ziwa kutoka Zaire. Hata kula tunakula tumesimama.

Unakumbuka kwamba mahakama iliona Anatoli alimuua mumeo, Novemba 1993, akiwa hana akili timamu. Hakufungwa jela. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, akae huko chini ya ulinzi. Sasa madaktari wameandika kwamba kwa mwaka wa pili mfululizo hana dalili za ugonjwa, mradi achomwe sindano yake kila mwezi bila kukosa. Wanapendekeza aachiwe. Dada yake Marcelina, aliyeolewa Kagunga, yuko tayari kumpokea.

Kabla sijaandika taarifa yangu nawauliza ndugu zake na viongozi wa mahali. Nakuuliza na wewe. Fomu niliyoletewa haina mstari wa jamaa wa marehemu. Nimeuchora mwenyewe kwa rula. Je, una pingamizi? Una hofu gani? Jibu kwa maneno yako mwenyewe, kisha tia sahihi au dole gumba.

Wako katika kazi,
Mudathir Selemani

*

Katonga,
13 Desemba 1996

Bwana Afisa,

Nimeipokea barua yako na kuielewa vyema. Nakushukuru kwa kuuchora mstari ule.

Mimi na watoto wangu tumelitafakari jambo hili kwa utulivu. Ugonjwa si dhambi. Mtu aliyepona hapaswi kuendelea kuzuiliwa kwa tendo ambalo akili yake haikulijua. Mume wangu alikuwa mtu wa huruma, na naamini angesema hivyohivyo. Sina pingamizi, wala sina kinyongo, popote atakapokaa. Tumemsamehe.

Mimi sijui kusoma. Barua zako za baadaye zipitie kwa binti yangu Devota, Shule ya Wasichana, S.L.P. 18, Kasulu. Yeye ndiye anayenisomea na kuniandikia.

Wako,
Stephania
(dole gumba)

*

Shule ya Wasichana,
S.L.P. 18, Kasulu.
26 Januari 1997

Kaka Feliksi,

Shikamoo. Natumaini kazi ya chumvi huko Uvinza inakwenda vizuri na mikono yako imepona. Mimi ni mzima. Nimeingia Kidato cha Tatu, na Sista Joanitha amenichagua kuwa msimamizi wa maktaba, ambayo ni kabati moja, lakini ina kufuli.

Kaka, nina jambo nililolifanya wakati wa likizo, nawe ndiye wa kwanza kuambiwa. Karani wa mtaa alileta barua ya serikali nyumbani. Mama alikuwa ufukweni anageuza dagaa. Nilifungua, kwa sababu barua zote za nyumbani nafungua mimi. Ilikuwa inamhusu Anatoli. Madaktari wanasema amepona na wanataka kumwachia aende Kagunga kwa dada yake. Afisa alikuwa anamuuliza mama kama anakubali.

Niliisoma mara tatu nyuma ya nyumba. Kisha nikamwangalia mama kwa mbali. Unamkumbuka alivyokuwa mwaka ule. Akisikia kafi linagonga mtumbwi alikuwa anadondosha chochote alichoshika. Sasa anakula. Desemba alikuwa amerudi kwaya, na siku ileile nilimsikia akimtania mama mmoja kwamba dagaa wake wamekonda kama wanafunzi wa bweni. Nikajiambia, kwa nini nimfungulie kidonda kilichofunga?

Nikajibu mimi. Niliandika polepole, nikarudia mara mbili ili pasiwe na neno la kufutwa. Dole gumba ni langu.

Usikasirike kabla hujafika mwisho. Sista anatufundisha kwamba anayeweza kusamehe leo asingoje kesho. Na mtu yule alikuwa mgonjwa, kaka, kama mtu wa malaria anavyoropoka. Ndiye aliyenifundisha kufunga fundo la wavu nikiwa darasa la tatu. Tena Kagunga ni mbali, karibu na mpaka kabisa, na mama hapandi boti. Hatamwona, hatajua, na mtu mgonjwa atakuwa amepata nyumba. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sioni aliyeumia.

Tafadhali usimwambie mama. Nitamwambia mwenyewe nikimaliza Kidato cha Nne, wakati atakapokuwa na nguvu.

Mdogo wako,
Devota

*

Ofisi ya Ustawi wa Jamii,
Kigoma.
17 Februari 1997

Bi Stephania,
kwa mkono wa Devota, Kasulu.

Salaam. Barua yako niliiambatisha kwenye taarifa yangu, na naweza kukuambia kwamba ndiyo iliyofanya mambo yaende haraka. Wakubwa waliisoma na kuguswa. Anatoli ataletwa kwa treni, akisindikizwa na muuguzi, na atafika Kigoma tarehe 20 Machi.

Lipo badiliko moja. Kagunga haitafaa. Hakuna muuguzi wa magonjwa ya akili huko, na kwa wingi wa watu walioingia mpakani, zahanati inahudumia umati ambao haikutegemea kuuona. Sindano yake haiwezi kufika kila mwezi kwa uhakika. Akikosa sindano, hatuna la kumwahidi mtu yeyote. Kwa hiyo lazima akae mjini, karibu na kliniki. Mjomba wake, Mzee Leonardi wa Katonga, amekubali kumpa chumba nyumbani kwake.

Najua ni jirani yako. Lakini kwa kuwa ulisema huna kinyongo popote atakapokaa, niliona hakuna haja ya kukusumbua tena. Ningekuwa na watu wengi wenye moyo kama wako, kazi hii ingekuwa nyepesi.

Wako katika kazi,
Mudathir Selemani

*

Uvinza,
2 Machi 1997

Devota,

Marahaba. Barua yako ilinikuta kazini, nikaisoma nimesimama, nikaikunja, nikaisoma tena.

Nani alikupa kinywa cha mama?

Sisemi Anatoli anyongwe. Ninajua alikuwa mgonjwa. Nilikuwa naye mtumbwini, nilimwona akiongea na maji. Lakini wewe siku ile ulipelekwa Ujiji kwa shangazi ili usione. Mimi ndiye niliyemwosha baba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Unasamehe kitu ambacho hukukiona, tena unasamehe kwa niaba ya aliyekiona. Hiyo ni kazi rahisi sana, mdogo wangu, hata mimi ningekuwa mtakatifu.

Unasema umeligeuza kila upande na huoni aliyeumia. Aliyeulizwa ni mama. Kwa mara ya kwanza tangu baba afe, mtu wa serikali amekaa chini kumuuliza mama jambo, na wewe umemjibia yeye yuko ufukweni hatua mia mbili kutoka hapo. Ungemwita tu. Ana masikio.

Mwandikie huyo afisa. Usipomwandikia wewe, nitamwandikia mimi, na mimi sina mwandiko mzuri wala maneno mazuri.

Kula vizuri. Nimetuma kilo mbili za chumvi kwa dereva wa lori. Mpe Sista nusu.

Kaka yako,
Feliksi

*

Shule ya Wasichana,
Kasulu.
9 Machi 1997

Bwana Mudathir,

Shikamoo. Barua hii haitoki kwa mama yangu. Na ile ya tarehe 13 Desemba haikutoka kwake pia. Niliiandika mimi, Devota, nina miaka kumi na saba. Dole gumba ni langu. Mama hajui kwamba uliwahi kumwandikia. Hajui kwamba Anatoli amepona. Hajui kwamba anakuja.

Nilifikiri ninamlinda. Nilifikiri pia ninatenda haki kwa mtu mgonjwa, na jambo hilo la pili bado ninaliamini. Lakini nilipoandika "popote atakapokaa" nilikuwa nawaza Kagunga. Sikujua kwamba neno dogo kama hilo linaweza kumhamisha mtu.

Nyumba ya Mzee Leonardi ni ya nne kutoka kwetu. Tunachota maji bomba moja. Mama anafika bombani saa kumi na moja alfajiri, kabla ya foleni. Siku ya tarehe 21 Machi atainua macho na kumwona mtu aliyemuua mumewe ameshika ndoo. Nikifumba macho darasani naiona ndoo hiyo.

Nakuomba usimamishe safari. Na kama haiwezekani, nakuomba usimwadhibu Anatoli kwa kosa langu, kwa sababu yeye hakuandika kitu. Kama nilichofanya ni kosa la polisi, mimi nipo. Mkuu wa shule anajua, nimemwambia leo asubuhi. Amechukua funguo za maktaba.

Wako mtiifu,
Devota Faustini

*

Kigoma,
16 Machi 1997

Binti yangu Devota,

Marahaba. Sikupeleki polisi. Keti, soma mpaka mwisho.

Treni siwezi kuizuia. Karatasi zimeshasainiwa na mtu yuko njiani rohoni mwake tangu Februari. Lakini nimekwenda kuongea na daktari. Anatoli akifika atalazwa wodini kwanza, hatakanyaga Katonga, mpaka mama yako asikilizwe. Si jambo dogo kwake. Ameambiwa anarudi nyumbani, naye ataona tena geti na mlinzi. Nitamweleza mimi mwenyewe kwa nini.

Sasa la kwangu. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Kigoma mwaka wa sita, na wazee wa hapa walinifundisha mapema kwamba msiba haupelekewi karatasi. Mtu huenda, hukaa kwenye mkeka, hupewa maji, ndipo husema. Nilijua hilo. Desemba nilikuwa na boti tatu kwa siku za watu wasio na viatu, nikajiambia mjane mmoja anaweza kusubiri karani. Kutoka ofisini mpaka Katonga ningefika kwa miguu kabla jua halijawa kali.

Na nilipoisoma barua ile nilijua. Nimesikiliza akina mama wengi wanaoanika dagaa, sijamsikia hata mmoja akisema "tumelitafakari kwa utulivu." Niliiamini kwa sababu ndilo jibu nililolitaka. Nina mafaili ya watu waliopona ambao hakuna anayewataka. Hili moja lilikuwa linafungika vizuri, nikalifunga. Kwa hiyo, binti yangu, uongo ulikuwa wako, ila ni mimi niliyeupigia muhuri.

Mama yako sitamwambia mimi kwanza. Mwandikie wewe. Mtafute mtu wa kumsomea ambaye si jirani wa Leonardi. Nakupa majuma mawili, kisha nitakwenda kukaa kwenye mkeka.

Mzazi wako,
Mudathir

*

Katonga,
6 Aprili 1997

Devota,

Anayeandika ni Telesphory, katekista. Maneno ni ya mama yako. Ameniapisha nisiongeze wala nisipunguze, kwa hiyo hata yasiyofaa nimeyaandika.

Nimesomewa barua yako. Telesphory alikuwa anasoma sauti inatetemeka, nikamwambia asome kama mwanamume. (Ni kweli.) Nililia. Kisha nikaenda kuwaanua dagaa, maana wingu lilikuwa limesimama upande wa Zaire na dagaa hawangoji mtu amalize kulia.

Kwanza, wewe ni mjinga. Telesphory anakataa kuliandika neno hilo kwa mwanafunzi. Andika, Telesphory. Mjinga mwenye kalamu, ndio wabaya zaidi.

Pili, nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Feliksi. Juma lile baba yako alipokufa, Anatoli alikuwa amefungwa kamba kwa mjomba wake Leonardi, kwenye nguzo ya jiko. Alikuwa anasema watu wamebadilishwa nyuso. Baba yako alikwenda kumwona, akarudi akashindwa kula. Akaniambia, "Mtu si mbuzi, Mama Feliksi." Kesho yake akamfungua, akampa nyavu ashone. Mimi nilikuwa nimebeba beseni, nafika ufukweni namkuta Anatoli amekaa kwenye mtumbwi wetu. Nikauliza, "Huyu umemfungua kwa ruhusa ya nani?" Baba yako akacheka kicheko chake kile. Siku ya nne nilikuwa mjane.

Basi miaka yote hii, mwana wanje, mwanangu, sikumkasirikia Anatoli peke yake. Ninamkasirikia marehemu, na marehemu hajibu. Wote mnasema alikuwa na huruma. Ndiyo, alikuwa nayo. Lakini aliileta mlangoni kwangu bila kuniuliza kama nami ninayo ya kutosha. Hakumfungua Anatoli ili yeye auawe. Nawe hukuandika ili niumie. Mmefanana mpaka mwandiko.

Tatu, Mudathir alikuja, akakaa kwenye mkeka, akanywa maji. Akasema amekosa. Mtu wa serikali kusema amekosa, nilitaka kumwita jirani awe shahidi. Kisha akauliza, "Mama, unataka nini?" Nikamwambia arudie. Akarudia. Nilitaka kulisikia mara mbili tu. Polisi waliniuliza nani alipiga. Mahakamani waliniuliza nilikuwa nimesimama wapi. Padre aliniuliza kama ninasali. Ninataka nini, hakuna aliyeuliza.

Nilimwambia sijui. Nikamwambia nataka kumwona Anatoli mchana, mezani, watu wakiwapo, ndipo nitajua. Na iwe mwezi wa sita, binti yangu akiwa nyumbani. Akasema mwezi wa sita ni mbali, kitanda kinahitajika, na kijana anahesabu siku. Nikamwambia ahesabu. Mimi nimehesabu miaka mitatu na nusu bila daktari.

Soma vizuri. Funguo za maktaba waombe wakurudishie, si wewe uliyeiba vitabu.

Mama yako,
Stephania

Nami Telesphory nakusalimu. Amenifanya nimsomee yote mara mbili kabla ya kuweka dole gumba.

*

Katonga,
6 Julai 1997

Kaka Feliksi,

Shikamoo. Uliniagiza nikuandikie yote na nisichague. Siwezi kusema sitakosea, lakini nimeandika kila siku jioni kabla ya kusahau.

Tulikwenda ofisini kwa Bwana Mudathir tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi. Mlangoni mama aliniambia, "Utakaa pale kwenye benchi, na mdomo wako utauweka mapajani." Nikauweka. Walikuwapo Bwana Mudathir, muuguzi na Mzee Leonardi. Nje lori lilikuwa linapakia wakimbizi wa kambini na mtu anaita majina kwa kipaza sauti, kwa hiyo ilibidi kila mmoja aongee kwa nguvu kidogo, na ilikuwa afadhali.

Anatoli amenenepa. Mikono inamtetemeka kwa ajili ya dawa, alikuwa hajui pa kuiweka. Alisema, "Shikamoo, Mama Feliksi." Mama hakuitikia.

"Siku ile," mama akasema, "ulikuwa unampiga nani?"

Muuguzi alitaka kuzuia, Anatoli akasema atajibu. "Niliona mtu amevaa uso wake. Nilidhani Faustini mwenyewe wamemficha. Nilitaka amrudishe."

"Na mimi leo, nimevaa uso wa nani?"

"Wako, mama."

"Ukianza kuona mwingine?"

Anatoli alihesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Siku mbili tatu za mwanzo huwa najua. Usingizi unakatika, najua. Baada ya hapo sijui tena."

"Hizo siku mbili tatu utamwambia nani?"

Mzee Leonardi akadakia, "Ataniambia mimi, shemeji."

Mama akamgeukia. "Wewe mara ya kwanza ulijua, Leonardi. Ukakata kamba ukafunga, ukafunga na mdomo. Jiko lako liko hatua thelathini kutoka kwangu. Kamba ni dawa?" Mzee Leonardi akaangalia viatu vyake. Nilimwonea huruma, nikakumbuka mdomo uko mapajani.

Bwana Mudathir akasema kama mama hataki, bado inawezekana kujaribu Kagunga. Nilidhani mama atafurahi. Akasema, "Akienda Kagunga atakuwa mbali na mimi, na mbali na sindano. Nitalalaje? Akae mjini. Lakini si Katonga. Leonardi amtafutie chumba Rusimbi, karibu na kliniki. Bombani kwetu nisimwone, na dagaa wangu asiwapite. Na kila mwezi, siku ya sindano, Leonardi aniletee kadi. Kusoma sijui, lakini muhuri naujua."

Bwana Mudathir akasema, kwa upole sana, kwamba kadi ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa na yeye hana mamlaka ya kumpa mtu mwingine aione. Mama akasema, "Basi hakuna makubaliano." Pale ndipo niliona jambo lote linavunjika, kaka, na sikuweza kusema nani ana haki kuliko mwenzake.

Anatoli ndiye aliyesema. "Aoneshwe. Ni yangu, nimekubali."

Bwana Mudathir akaandika. Kisha akafungua faili na kuuliza kama lile neno la barua ya kwanza, "tumemsamehe," libaki. Masikio yangu yaliwaka. Mama akasema, "Hilo si langu, litoe. Andika nimekubali. Kusamehe kukija nitakuletea mwenyewe. Nisipokuja, usije kuniuliza."

Juma lilelile kadi ya mwezi wa sita ililetwa. Mama aliuangalia muhuri, akairudisha.

Siku ya sindano ya mwezi huu ilikuwa Alhamisi iliyopita. Saa sita, Mzee Leonardi hajaja. Saa saba, hajaja. Mama alikuwa anageuza dagaa walewale mara ya tatu. Mwishowe akafunga kitenge, akaniambia, "Angalia kunguru," akaondoka kwa miguu kwenda Rusimbi. Nilitaka kwenda naye, akakataa.

Haya yafuatayo nimeyapata kwake na kwa Mzee Leonardi, na yanafanana. Muuguzi wa sindano alikuwa amechukuliwa kwenda kambini kuchanja watoto. Kliniki walimwambia Anatoli arudi juma lijalo, naye alikuwa anarudi zake chumbani, mtiifu tu. Mama akamkuta njiani. Akamwambia, "Geuka." Wakarudi, yeye mbele, Anatoli nyuma, mjomba wa mwisho. Kliniki mama akamwambia karani, "Sitoki. Mwulize daktari mimi ni nani kwa huyu, atakwambia kwa nini sitoki." Akakaa kwenye benchi. Anatoli akakaa benchi hilohilo, katikati yao nafasi ya watu wawili, na hakuna aliyethubutu kuikalia ingawa chumba kilikuwa kimejaa. Saa kumi wakampata muuguzi mwingine. Mama aliomba mlango uachwe wazi, akaiona sindano inaingia.

Alirudi jua limeshuka, miguu ina vumbi mpaka magotini. Dagaa nilikuwa nimeshaanua. Nikamuuliza, "Mama, mliongea nini muda wote ule?"

"Hatukuongea. Alisinzia. Nikawa namwangalia anavyosinzia."

Nilisubiri aendelee. Alinawa miguu, akakaa, akasema nichukue kalamu. Haya ni maneno yake, kaka, sikuongeza na sikupunguza, nimemsomea na amekubali:

"Mwandikie Feliksi kwamba nilikwenda mwenyewe. Asije akasikia kwa watu akadhani nimempenda Anatoli. Mwambie ninamwogopa. Na mwezi ujao nitakwenda tena."

Mdogo wako,
Devota